Je, uwanda mtupu tulimo ndio unaopandisha namba ya Hubble hadi 73?

Maalim_Mambrui

Asalaam alaikum nyote. Natayarisha somo la kutanuka kwa ulimwengu kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wachache wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Malindi. Msingi hauna taabu: galaksi zinaachana, na kila megaparseki moja ya umbali (miaka ya nuru milioni 3.26) inaongeza kasi ya kuachana kwa kilomita 70 hivi kwa sekunde. Taabu inaanza pale tunapotaka namba kamili. Kikundi cha SH0ES, kinachotumia nyota za sefeidi (zinazozidi na kupungua mwanga kwa mpangilio) pamoja na supanova za aina ya Ia (milipuko ya nyota), mwaka 2022 kilitoa 73.04, kosa 1.04. Planck, satelaiti iliyochora ramani ya mnururisho wa kale wa mikrowevu, masalio ya mwanga wa ulimwengu mchanga, mwaka 2018 ilitoa 67.4, kosa 0.5. Pengo ni asilimia 8 na ushei, na makosa hayo mawili hayawezi kuliziba.

Kila nikitafuta maelezo nakutana na hoja kwamba sisi tumo ndani ya uwanda mtupu, yaani eneo kubwa mno lenye galaksi chache kuliko kawaida, na kwamba huo ndio unaoipotosha hesabu ya karibu. Sitaki kuwapa wanafunzi hoja hiyo kama habari ya mitandaoni. Kwa nini kuwa ndani ya utupu kupandishe namba badala ya kuishusha? Uwanda uwe na kina gani na upana gani ndipo ulete asilimia 8? Na hili ndilo hasa ninalolitaka: ipo data ya wazi ambayo kijana mwenye kompyuta ya kawaida na lahajedwali anaweza kuipima mwenyewe?

Mkanda_Lamu

Wa alaikum salaam, maalim. Nitaanza na swali la kwanza kwa sababu mengine yanatoka humo.

Ulimwengu unatanuka, lakini mata iliyomo inavutana, na mvutano huo unauzuia usitanuke kwa kasi yake yote. Palipo na mata kidogo kizuizi ni kidogo, kwa hiyo pale panatanuka upesi kuliko wastani. Aliye katikati ya eneo kama hilo ataziona galaksi za humo zikimkimbia kwa kasi ya kawaida ya kutanuka pamoja na nyongeza ya kwenda nje, kuelekea kwenye kuta zenye galaksi nyingi. Umbali anaupima kwa mwangaza wa supanova, nao hautegemei kasi hata kidogo. Kasi anaisoma kwenye mhamo wa wekundu (z), yaani jinsi mawimbi ya mwanga yalivyorefuka kuelekea wekundu, nayo imebeba ile nyongeza. Akigawa kasi kwa umbali, jibu linatoka kubwa kuliko linavyostahili. Ukipima kasi ya maji katika mkondo wa Mkanda huku Lamu wakati yanapokupwa, umeipima Mkanda, hujaipima Bahari ya Hindi.

Hesabu ya kukadiria ni fupi, na kidato cha nne wataiweza:

ΔH/H ≈ −(1/3) × f × δ

Hapo δ ni tofauti ya msongamano wa mata na wastani wa ulimwengu: −0.2 maana yake pungufu ya asilimia 20. Na f ni kasi ya kukua kwa miundo, takriban Ωm (sehemu ya ulimwengu iliyo mata) kwa kipeo cha 0.55. Ukitumia Ωm ya Planck, 0.315, unapata f kama 0.53, kwa hiyo ΔH/H ≈ −0.18 × δ. Upungufu wa asilimia 10 unapandisha namba kwa 1.8 katika mia, wa asilimia 20 kwa 3.5, wa asilimia 30 kwa 5.3. Ili 67.4 ifike 73.04 unahitaji δ ya −0.47. Kwa kina hicho kanuni hii inapunja athari kwa sehemu ya kumi hivi, kwa hiyo sema −0.43. Bado ni karibu nusu ya mata yote kukosekana.

Hapa wengi huteleza mara mbili. Kwanza, δ ni ya mata yote, na sehemu kubwa ya mata haionekani. Galaksi hupenda kukusanyika palipojaa na kuadimika palipopungua kuliko mata yenyewe inavyofanya, kwa hiyo ukihesabu galaksi ukakuta zimepungua kwa asilimia 46, mata imepungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Namba ya galaksi haiingizwi moja kwa moja kwenye kanuni.

Pili, na hili ndilo linaloamua mambo, swali si kama tumo ndani ya uwanda mtupu. Swali ni supanova zilizopimwa ziko wapi. SH0ES hawakutumia galaksi za jirani kupata kasi. Walitumia supanova 277 zilizo kati ya z = 0.023 na z = 0.15, yaani kuanzia megaparseki 100 hivi hadi kupita 600. Mpaka wa chini uliwekwa makusudi. Galaksi yoyote ina mwendo wake wa ziada wa kilomita 250 au 300 kwa sekunde unaotokana na majirani zake. Kwenye umbali wa megaparseki 20 kasi ya kutanuka ni kama 1400 tu, kwa hiyo mwendo wa ziada wa 300 unaharibu kipimo kwa asilimia 21. Kwenye z = 0.023 kasi ni 6900, na mwendo wa ziada wa 250 unaharibu asilimia 3.6 kwa supanova moja, na ukichukua wastani wa nyingi kutoka pande zote za anga kosa hilo linayeyuka.

Mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi ni GW170817, mawimbi ya mvutano ya tarehe 17 Agosti 2017 kutoka galaksi ya NGC 4993, megaparseki 40 kutoka hapa. Kabla ya kupata namba ya Hubble ilibidi waondoe mwendo wa ziada wa kilomita 310 kwa sekunde ndipo wabaki na 3017 ya kutanuka. Yaani sehemu moja katika kumi ilikuwa ya majirani. Jibu lilitoka 70, na kosa la 12 juu na 8 chini.

Sasa fikiria uwanda mtupu wenye nusu kipenyo cha megaparseki 150. Supanova nyingi za SH0ES ziko nje yake. Kwa iliyo nje, kinachohesabiwa ni wastani wa upungufu ndani ya tufe lote kuanzia kwetu hadi kwake, na wastani huo unashuka kwa mchemraba wa umbali: ukienda mara mbili ya nusu kipenyo, athari imebaki moja ya nane. Kama ukuta unaouzunguka uwanda umebeba mata yote iliyokosekana ndani, athari inaisha kabisa ukishavuka ukuta. Hao Wu na Dragan Huterer mwaka 2017 walizipanga supanova kama zilivyo hasa angani, wakaziweka ndani ya ulimwengu wa kompyuta sehemu nyingi tofauti. Namba ya Hubble iliyumba kwa 0.31 tu kutoka mahali hadi mahali. Pengo letu ni 5.6. Uwanda ambao ungeliziba lote ulihitaji δ ya −0.8 na nusu kipenyo cha megaparseki 150 hivi, kitu ambacho modeli ya kawaida ya ulimwengu haiwezi kukizaa.

Nyanda tupu zenyewe ni za kweli, maalim, wanafunzi wasije wakadhani ni dhana. Ule wa Boötes uliotangazwa mwaka 1981 una kipenyo cha zaidi ya miaka ya nuru milioni 300. Ule wa jirani yetu, ambao Brent Tully na Richard Fisher waliutambua mwaka 1987, unaanzia mlangoni mwa kundi letu la galaksi na unachangia kutusukuma kwa kilomita 260 hivi kwa sekunde.

Ngomeni_Juu

Shikamoo maalim. Shukrani kwa Mkanda kwa hesabu safi, ila upande wa pili haujapewa haki yake, na una ushahidi unaostahili kufundishwa.

Mwaka 2013 Ryan Keenan, Amy Barger na Lennox Cowie walihesabu mwanga wa galaksi katika infraredi ya karibu, wimbi la mikroni 2.2. Waliichagua kwa sababu vumbi haliizuii sana na inawakilisha nyota za zamani, ambazo ndizo zenye uzito mkubwa wa galaksi. Walikuta kwamba hadi megaparseki 300 hivi kutoka kwetu mwanga huo ni pungufu sana ukilinganisha na mbali zaidi, na huko ndiko ile asilimia 46 ilikotoka. Uwanda huo sasa unaitwa KBC kwa herufi za majina yao. Tazameni upana: megaparseki 300 ni z ya 0.07. Unameza nusu ya kwanza ya masafa ya SH0ES. Hoja ya mpaka wa 0.023 haiutoshi.

Njia ya pili haitegemei mwanga wa nyota, nayo mizizi yake iko hapahapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya eksirei za angani, kazi iliyoongozwa na Riccardo Giacconi. Moja ya mambo iliyoyathibitisha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Coma, yanang'aa kwa eksirei, na baadaye ikaeleweka ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii iliyojaa katikati ya galaksi. Makundi hayo hukaa kwenye vilele vya msongamano wa mata, kwa hiyo ukiyahesabu unapata ramani ya mata bila kupitia galaksi mojamoja. Hans Böhringer na wenzake walifanya hivyo kwa sensa ya makundi ya eksirei, na mwaka 2020 wakatoa matokeo: ndani ya megaparseki 100 mata imepungua kwa asilimia 30, kosa 15, ndani ya megaparseki 140 kwa asilimia 20, kosa 10. Wakakadiria kwamba namba ya Hubble ya humo ndani imepanda kwa asilimia 5.5.

Pia kuna mwendo wa pamoja wa galaksi. Richard Watkins na wenzake, mwaka 2023, kwa katalogi ya CosmicFlows-4, walipata galaksi zilizomo ndani ya tufe kubwa zikisogea pamoja kwa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde, zaidi ya modeli ya kawaida inavyotarajia kwa ukubwa ule. Uwanda mtupu ambao hatupo katikati yake hasa ungeweza kuleta kitu cha namna hiyo. Na mwaka 2025 Indranil Banik na Vasileios Kalaitzidis walilinganisha vipimo vya mawimbi ya sauti ya kale (alama yake imebaki kwenye mpangilio wa galaksi), vilivyokusanywa miaka ishirini, na modeli za uwanda mtupu, wakaona zinakaa vizuri zaidi kuliko modeli isiyo nao. Uwanda wanaouzungumzia una nusu kipenyo cha miaka ya nuru bilioni moja na mata pungufu kwa asilimia 20 hivi.

Mimi nauona uwanda huo upo. Ninachokubali ni kwamba kina chake ndicho kigumu: modeli ya kawaida inatoa mabadiliko ya asilimia chache tu kwa tufe la ukubwa ule, na wanaoutetea wanalazimika kusema miundo ilikua upesi kuliko tunavyodhani.

BintiShela

Ngomeni, kaka yangu, chukua ile asilimia 20 uliyoitaja uiingize kwenye kanuni ya Mkanda. Inatoka 3.5 katika mia, na 67.4 inakuwa 69.8. Hapo pengo limepungua, halijazibika. Hata 5.5 ya Böhringer inafika 71.1, na ni kwa galaksi zilizomo ndani ya uwanda, ambazo sehemu yake SH0ES hawaitumii kwa sababu iko chini ya z = 0.023, na iliyobaki iko juu yake kidogo tu.

Halafu uwanda wenye ukingo lazima uache alama. Supanova za ndani na za nje hazitakaa kwenye mstari mmoja. Pale ukingoni namba itashuka kama ngazi. W. D'Arcy Kenworthy, Daniel Scolnic na Adam Riess waliitafuta ngazi hiyo mwaka 2019 kwa supanova 1295, wakisogeza mpaka wa kugawia kwenye z mbalimbali. Hawakuiona. Walihitimisha kwamba upungufu unaozidi asilimia 27 unakataliwa kwa sigma 5, yaani kwa uhakika mkubwa mno. Hiyo inauacha hai uwanda wa asilimia 20, na inauua ule wa asilimia 46 ukiuchukulia kuwa ni wa mata.

Kipimo kingine cha kuwapa wanafunzi ni lenzi za mvutano. Kwasari (kiini king'aavu mno cha galaksi ya mbali) ikiwa nyuma ya galaksi kubwa, mwanga wake unatufikia kwa njia mbili au nne, na mmuliko mmoja unachelewa siku au wiki nyuma ya mwingine. Ucheleweshaji huo unatoa umbali moja kwa moja, bila sefeidi wala supanova, na lenzi nyingi ziko mbali mara nyingi kupita ukingo wa KBC. Kikundi cha H0LiCOW kilipata 73.3 mwaka 2020. Kama uwanda wetu wa jirani ndio chanzo cha 73, kwa nini lenzi za mbali nazo ziseme 73? Jibu la haki ni kwamba kosa lao linapanuka sana ukilegeza dhana kuhusu mgawanyo wa mata ndani ya galaksi ya lenzi, kwa hiyo bado si neno la mwisho, lakini ni swali ambalo mtetezi wa uwanda mtupu hana budi kulijibu.

Na Planck haiguswi na uwanda wetu. Inapima pembe ya umbo lililo megaparseki karibu 14,000 kutoka hapa. Megaparseki 300 za mwanzo ni asilimia 2 ya safari hiyo, na uwanda unabadilisha sehemu ndogo tu ya hiyo asilimia 2.

Maalim_Mambrui

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Dada Shela, hiyo "ngazi" ndiyo ninayoitaka. Wanafunzi wanaweza kuitafuta wao wenyewe? Wana kompyuta za kawaida zenye LibreOffice, na intaneti ya kupakua faili moja mbili si tatizo. Nielekezeni hatua, pamoja na pale watakapokosea.

Mkanda_Lamu

Wanaweza, na hawahitaji programu nyingine. Tafuteni data ya Pantheon+ (mkusanyiko wa supanova za Ia) na SH0ES, iko wazi. Faili kuu ni jedwali la maandishi lenye mistari 1701. Ni grafu za mwanga 1701 za supanova 1550, kwa hiyo baadhi zinajirudia kwa kuwa zilipigwa na darubini zaidi ya moja. Wakumbushe wanafunzi wasizihesabu kama nyota tofauti. Lifungueni kwenye lahajedwali mkitumia nafasi kama kitenganishi. Safu ya C itakuwa zHD, E itakuwa zCMB, G itakuwa zHEL, na I itakuwa m_b_corr, yaani mwangaza uliokwisha kusahihishwa. Chujeni safu ya USED_IN_SH0ES_HF ibaki 1 tu, mpate zile za kati ya 0.023 na 0.15.

Kisha kwa kila supanova hesabuni kinachoitwa a_B, namba inayounganisha mhamo wake na mwangaza wake. Kwenye safu mpya andikeni:

=LOG10(299792.458*C2*(1+0.775*C2-0.27375*C2^2))-0.2*I2

Namba 0.775 na 0.27375 zinatokana na q0 = −0.55 na j0 = 1, vipimo vya jinsi kasi ya kutanuka inavyobadilika. Mkitaka kuigeuza kuwa namba ya Hubble, H0 = 10^((M_B + 5 × a_B + 25)/5), na M_B, yaani mwangaza halisi wa supanova ya Ia, kwa SH0ES ni −19.253.

Chukua supanova moja yenye z = 0.05 na mwangaza 17.39. Kasi ya mwanga mara z ni 14,990. Mabano yanatoa 1.0381, zidisha upate 15,560, logi yake ni 4.1920. Toa 0.2 × 17.39, yaani 3.478, unabaki na 0.7140. Ingiza kwenye kanuni ya pili: 25 − 19.253 + 3.570 = 9.317, gawa kwa 5, pandisha 10 kwa kipeo hicho, jibu 73.0.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Mwanafunzi akisahau yale mabano, supanova hiyo hiyo itampa 70.3. Na kosa halilingani: kwenye z = 0.023 atapata 71.7 pale panapostahili 73, na kwenye z = 0.15 atapata 65.8. Akichora grafu ataona namba ikishuka taratibu kadiri anavyokwenda mbali, sura ile ile ya uwanda mtupu. Si uwanda, ni kwamba ulimwengu ulitanuka wakati mwanga ulipokuwa safarini, kwa hiyo mhamo na umbali unaopimwa kwa mwangaza haviendi kwa mstari ulionyooka. Wafanye hivyo makusudi mara moja, walione, halafu warudishe mabano.

Mtego wa pili ni safu ya z. zHEL ina mwendo wa Jua letu ndani yake, kilomita 370 kwa sekunde ukilinganisha na mnururisho wa kale, kwa hiyo upande mmoja wa anga utapanda na mwingine utashuka. Usiitumie. zCMB imeondoa mwendo huo. zHD imekwenda hatua zaidi: imeondoa pia mwendo wa ziada wa kila galaksi, uliokadiriwa kutoka ramani ya galaksi ya 2M++. Hapa maalim awe mwangalifu, kwa sababu ukitafuta uwanda mtupu kwa kutumia zHD unatafuta kitu ambacho sehemu yake imeshasafishwa. Rudieni hesabu mara mbili, kwa zHD na kwa zCMB, na muweke grafu zote mbili pamoja. Tofauti kati yake ni kiasi ambacho miundo ya jirani inabadilisha jibu. Kwangu mimi hiyo grafu moja inafundisha kuliko kitabu.

Kwa ngazi yenyewe: gawanyeni kwenye z = 0.07, chukueni wastani wa a_B kila upande (wastani wa a_B, si wa H0), mtoe mmoja kwa mwingine, kisha mzidishe kwa 5 ili iwe tofauti ya mwangaza. M_B haiingii kabisa kwenye tofauti hii, kwa hiyo sefeidi hazina neno hapa, na ubishi wote kuhusu sefeidi unakaa pembeni. Uwanda unaopandisha namba kwa asilimia 5 utaonyesha tofauti ya mwangaza ya 0.106, ule wa kuziba pengo lote, 0.17. Supanova moja hutawanyika kwa 0.15 hivi. Ukiwa na 100 kwenye kipande, kosa la wastani ni 0.015, sawa na asilimia 0.7 ya H0. Ukiwa na 10 tu ni 0.047, zaidi ya asilimia 2, kwa hiyo msikate vipande vyembamba halafu mkaamini kila mshuko.

BintiShela

Niongeze mawili kwenye hayo, maana ndiyo yanayowapoteza hata waliobobea. Supanova za karibu na za mbali hazikupimwa na darubini zilezile; safu ya IDSURVEY inaonyesha. Darubini moja ikiwa imekosea kipimo cha mwangaza kwa 0.02, hiyo ni asilimia 1 ya H0, na kosa litajitokeza pale pale sensa moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Mkiona ngazi, kwanza angalieni kama iko ndani ya sensa moja pia.

La pili, makosa ya mistari hayajitegemei. Faili la pili la Pantheon+ lina matriksi ya 1701 kwa 1701 inayoonyesha jinsi makosa yanavyoshikana. Lahajedwali litalemewa nalo. Kwa kidato cha nne tumieni makosa ya safu ya m_b_corr_err_DIAG mkijua kwamba kosa la mwisho mnalopata ni dogo kuliko la kweli. Wale wa chuo wanaojua Python kidogo wapewe matriksi.

Ngomeni_Juu

Na wagawe pia kwa anga ya kusini na ya kaskazini, safu ya DEC ipo (namba hasi ni kusini). Upungufu wa KBC na wa makundi ya eksirei haukupimwa kuwa sawa pande zote, kwa hiyo ngazi ikikosekana kwenye wastani wa anga nzima, bado inaweza kuwepo upande mmoja. Nakubali kwamba kipande cha kusini peke yake kitakuwa na supanova chache na kosa litapanuka.

Fundi_Lenzi

Maalim, ukitaka kuwatoa nje kidogo baada ya hesabu: ngazi nzima ya umbali ya SH0ES (si ile ngazi ya kwenye grafu, ni mpangilio wa kupima umbali hatua kwa hatua) imesimama juu ya nguzo chache, na moja mnaiona kwa macho. Ni Wingu Kubwa la Magellan, ambalo umbali wake ulipimwa kwa nyota pacha zinazofunikana, kiloparseki 49.59, kosa la asilimia 1, sawa na miaka ya nuru 162,000 hivi. Kutoka Malindi, latitudo digrii 3.2 kusini, linapanda hadi digrii 23 hivi tu juu ya upeo wa kusini. Katikati ya Januari, msimu wa kaskazi, linafika kileleni saa nne usiku. Mwezi usiwepo, na mtafute mahali ambapo taa za Watamu haziko mbele yenu, kwa sababu liko chini na mwanga wa mji unalifuta mara moja.

Na jambo moja kuhusu nyanda tupu za mbali, ambalo halijatajwa. Hazitumiki kama kisingizio tu, zinatumika kama kipimo. Uwanda mmoja una umbo lolote, lakini ukiweka maelfu pamoja kwa wastani umbo linatoka mviringo kamili, kwa kuwa ulimwengu hauna upande unaoupendelea. Ukibadilisha mhamo wa wekundu kuwa umbali kwa kutumia modeli isiyo sahihi, wastani huo unaonekana umerefuka au umebanwa kuelekea kwetu. Wanaofanya hivyo wanatumia programu kama VIDE na REVOLVER kuzitafuta nyanda kwenye sensa za mamilioni ya galaksi, na sensa ya galaksi ya DESI yenye nyuzi 5000 za kunasa mwanga inaongeza data hiyo kwa kasi. Tatizo lao kubwa ni kwamba mwendo wa galaksi kwenda nje ya uwanda nao unabadilisha umbo, kwa hiyo lazima uondolewe kwanza. Wanafunzi wasitarajie namba ya Hubble kutoka humo, kwa sababu umbo ni uwiano tu, halina kilomita ndani yake. Linatoa Ωm, na Ωm hiyo ndiyo inayoingia kwenye ile f ya kanuni ya Mkanda.

Maalim_Mambrui

Nimelipakua faili, safu zimekaa kama alivyosema Mkanda: C, E, G na I. Nitaanza na kosa la mabano makusudi, kisha zHD na zCMB kwenye grafu moja, mpaka kwenye 0.07. Dada Shela, kwa IDSURVEY nitawapa kila kikundi cha wanafunzi sensa yake, watafute ngazi ndani yake peke yake kabla hatujaunganisha. Nitaweka hapa wastani wa a_B wa kila kipande na idadi ya supanova zake, mzikague.